UZI: Wakimgeuza mtu mashine kwa nguvu, wanabakisha nini ndani yake? Wapenzi wa hadithi za kubuni njooni

Asalaam aleikum wakuu, na wale wa habari za jioni nawaamkia pia. Mie niko Amu, yaani Lamu, mtaa wa Langoni, uzi huu ntauandika kwa vipande manake stima leo inakuja inaondoka, nikikatika mnivumilie.

Mambo yalianza hivi. Mtoto wa dada yangu yuko fomu tatu, anaandika hadithi kwenye daftari tangu mwaka juzi na sasa amehamia kwenye simu, anawatumia wenzake kwa watsap sehemu kwa sehemu. Juzi akanitumia na mie. Hadithi yake ni ya zama za mitepe, ile mitepe iliyoshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, tanga la mkeka, na macho mawili yamechorwa kwenye omo, yaani mbele ya chombo. Kuna fundi wa vyombo ana elimu ya giza, anateka watu usiku na kuwashona ndani ya chombo, yaani si kuwafunga, anawashona wenyewe, mpaka chombo kinakwenda bila baharia wala upepo. Nahodha mmoja amekamatwa, mbavu zake zikafanywa mataruma, uti wa mgongo ukafanywa mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo, na yale macho ya kwenye omo safari hii hayakuchorwa, ni macho yake.

Wazo limenikaa kooni, wallahi. Kijana wa miaka 17 kaona yale macho ya chombo ambayo sisi sote tumepita tukiyatazama tangu utotoni na akauliza, je yangekuwa yanaona kweli?

Lakini nilipomaliza kusoma nikagundua sikuogopa. Kurasa kumi, na tisa ni shaba inayeyushwa, kamba inapita wapi, gurudumu linazunguka vipi, damu, moshi. Nahodha mwenyewe anapiga kelele mara 3 halafu basi, keshakuwa chombo, hatumsikii tena. Nikamwambia kijana kwa upole kwamba hii haijanitisha. Akanuna siku mbili. Na mie siku hizo mbili nikawa najiuliza kwa nini haikunitisha wakati mambo yote ya kutisha yamo, na hapo ndipo nikaanza kukumbuka zile zilizonikosesha usingizi mie mwenyewe, nikaona zote zina kitu kimoja ambacho yeye kakiruka.

Zote zinabakisha kitu. Yule anayegeuza hamalizi. Kuna kipande cha mtu anakiacha makusudi kwa sababu mashine inakihitaji, na hicho kipande ndicho kinachokufanya ulale taa ikiwaka.

Chukua Star Trek, ile tamthilia ya tivii ya safari za angani. Wale Borg wanaochanganya nyama na waya wanamkamata nahodha Picard mwaka 1990, wanamtoboa, wanamvika vyuma, wanampa jina jipya, Locutus. Sasa fikiria, wao wana uwezo wote ule wa kuvuka anga, wa nini kumsumbukia mtu mmoja? Wanamtaka kwa sababu anajua. Anajua wenzake wanapigana vipi, wanarudi nyuma lini, na wanataka pia mdomo wake ili watu wasikie amri kutoka kwa sauti wanayoiamini. Wakautumia ujuzi wake, meli 39 za wenzake zikaangamizwa na watu karibu 11,000 wakafa. Na yeye ndani yumo, anaona. Baadae anaokolewa, vyuma vinatolewa, anarudi kijijini kwao Ufaransa, anapigana na kaka yake kwenye matope ya shamba la zabibu, watu wazima wawili, mpaka analia kwa kwikwi pale pale matopeni kwamba alijaribu kuwazuia hakuweza. Hakuna chuma hata kimoja kwenye scene ile, ni matope na kaka yake tu, na mie naiona ndiyo kali kuliko zote.

Au ile muvi ya RoboCop ya 1987. Polisi wa Detroit kapigwa risasi, kampuni inamchukua inamgeuza mashine ya kulinda mji. Watu wanaikumbuka ile bunduki. Mie nakumbuka mkono. Madaktari wanamwambia mkubwa kwamba wamefanikiwa kuuokoa mkono wa kushoto, na mkubwa anakasirika, anasema tulikubaliana mwili wote wa bandia, utoeni. Mkono mzima, mzuri, unatupwa manake haumo kwenye mpango. Na tunayaona yale kwa macho ya yule aliyelazwa, watu wanamuinamia wanamjadili kama watu wanaojadili kabati. Halafu wamemwekea na amri ya siri kichwani asiweze kuwakamata wakubwa wa kampuni. Yaani wamebakisha uhodari wa polisi, wakatoa pale palipokuwa pa kuwadhuru wao.

Stima hiyo imeondoka, narudi.

---

Nimerudi. Naona mshaanza kukomenti, asanteni. Kuna mdau anasema hizi ni habari za wazungu na maroboti yao, sisi pwani hatuna kitu kama hicho kwenye hadithi zetu. Ndugu yangu, naomba nikubishie kwa heshima.

Wewe umekulia pwani, umeshaona ngoma ya pepo. Yule aliyepandwa tunamwitaje? Kiti. Tunasema fulani ni kiti cha pepo fulani. Mtu mzima, mama wa watoto, anaitwa samani, kwa sababu kuna mwingine amemkalia na anazungumza kwa mdomo wake, sauti nene, lugha asiyoijua, anaomba uvumba na maji ya waridi. Na anayesimamia shughuli anaitwa nani? Fundi. Neno lile lile la fundi wa jahazi. Mie sisemi kama pepo ni kweli au si kweli, hapa si mahali pake, nasema lugha yetu ina neno tayari la mtu ambaye mwili wake unatumiwa na mwingine, na neno lenyewe ni kifaa cha kukalia. Locutus ni nini kama si kiti?

Na wenzetu wa Tanzania wana msukule. Mtu anaaminika kafa, mumezika, mumesoma hitma, kumbe wanasema kachukuliwa kichawi, analimishwa usiku shambani kwa mtu, ulimi umekatwa asiseme. Ona kilichobakishwa hapo: mikono ya kulima. Ona kilichotolewa: ulimi. Aliyeutunga huo msukule mara ya kwanza, hata tusimjue ni nani, alielewa fani hii kuliko waandishi wengi wa muvi za mamilioni.

Na ngoja nikwambie kitu kuhusu hayo maneno ya kizungu yenyewe. Neno roboti limetoka kwenye tamthilia ya Karel Čapek wa Kicheki, 1920, na yeye mwenyewe alisema aliyempa neno ni ndugu yake Josef. Limetokana na robota, maana yake kazi ya shokoa, kazi ya kulazimishwa. Na maroboti wake hawakuwa wa bati, walikuwa wa nyama iliyotengenezwa. Kwahiyo neno lilipozaliwa lilikuwa linazungumzia mtu wa kutumikishwa, bati limekuja baadae. Sasa linganisha na neno saibogi, yaani mtu aliyechanganywa na mashine, hilo lilitungwa 1960 na Manfred Clynes na Nathan Kline, walikuwa wanawaza binadamu ataishije angani, na fikra yao ilikuwa mashine ishughulike na pumzi na joto la mwili ili mtu mwenyewe abaki huru kufikiri na kugundua. Huru! Ndo neno walilolitaka. Hadithi za kulazimishwa ni pale saibogi anaporudishwa kuwa robota, yaani kifaa kilichokusudiwa kumfungua mtu kinageuzwa pingu.

Na sisi wa pwani tukiisikia robota hatuna haja ya kwenda mbali. Malindi ilipofufuka miaka ya 1860 ilifufuka kwa mashamba ya mtama na ufuta, na waliolima ni watumwa walioletwa kutoka kusini. Soko la Unguja likafungwa 1873, lakini huku kwetu Kenya utumwa haukufutwa kisheria mpaka 1907. Mtu alifika pwani na jina la babake akapewa jipya, Mabruki, Feruzi, Baraka, majina mazuri ya heri kwa mtu ambaye hakuulizwa. Picard kuitwa Locutus mie siwezi kuisoma bila kuwawaza hao. Hata ile amri ya siri ya polisi wa Detroit, asiweze kumgusa bwana wake, hiyo si mashine mpya, ni sheria ya zamani imetiwa kichwani badala ya kuandikwa kwenye karatasi.

Kwahiyo nikasema na kijana wangu: usiazime baridi ya Ulaya. Huu woga una kaburi lake hapa hapa.

---

Mdau mwingine kauliza swali zuri sana na sitaki kulipita. Anasema: je watu wenye viungo vya bandia, mashine za moyo, vifaa vya kusikilizia, hizi hadithi haziwatusi? Manake kila mwenye chuma mwilini anafanywa jini.

Hili nimelifikiria sana kwa sababu ya jirani yetu. Ni mvuvi, alikatwa mguu chini ya goti kwa ajili ya sukari, sasa ana mguu wa bandia. Kila alfajiri namkuta amekaa kwenye baraza ya msikiti kabla ya kuingia kutawadha. Anaipandisha suruali, anaufungua mkanda, krrrp, anauvuta mguu unatoka kwa kamlio kadogo kama kizibo cha chupa, halafu ile soksi ya pamba anaivua polepole kutoka kwenye kigutu, anaikunja mara mbili, anaitia ndani ya mguu kama mtu anavyotia soksi ndani ya kiatu. Mguu anausimamisha pale pale kwenye viatu vya watu wengine. Baada ya swala anafuta kigutu, anatia poda, anavaa. Anauita punda wangu. "Leo punda wangu kanipiga mateke," husema ukiwa umemchubua. Siku moja akaniita, "Ndoo ukae," akanionesha jinsi alivyoukata mpira wa soli mwenyewe akaubandika wa tairi, manake soli iliyokuja nao ilikuwa inateleza kwenye mawe ya pwani yenye mwani.

Huyo si jini wala kiti cha mtu. Mkanda uko mkononi mwake. Anauvua anapotaka, anautukana, anaukarabati, anauacha mlangoni akienda kwa Mola wake. Kwahiyo mwandishi ukitaka kumtisha msomaji kwa chuma peke yake umemkosea huyu mzee, na pia umekosea hadithi. Kipimo changu sa hii nikisoma ni kimoja, namtafuta aliyeshika mkanda. Cybermen, wale watu waliogeuzwa mashine kwenye Doctor Who, tamthilia ya tivii ya Uingereza, walipotungwa 1966, mmoja wa waliowatunga alikuwa Kit Pedler, mtafiti wa tiba, na hofu yake ilikuwa hiyo hiyo, watu wanabadilisha kiungo kimoja kimoja ili waendelee kuishi mpaka siku moja hakuna tena mtu wa kusema basi imetosha. Wale wa kwanza kabisa walikuwa na uso wa kitambaa na mikono ya watu, mikono ya nyama iko wazi, na mie naona ile mikono inatisha kuliko mavazi yote ya chuma ya miaka iliyofuata.

Na kwa kuwa nimewataja. Kuna sehemu ya 2006, wanaanza kukamata watu wasio na makazi London, wanawaahidi chakula, watu wanaingia kwenye lori kwa miguu yao wenyewe kwa ajili ya njaa. Kila aliyegeuzwa ametiwa kifaa cha kuzima hisia, manake akijiona alivyo atakufa kwa uchungu. Sasa kifaa cha mmoja kinaharibika, kile kidude cha chuma kirefu kimelala chini, na sauti inayotoka ni ya mwanamke. Anasema anaona baridi. Anamuulizia mchumba wake. Harusi ni kesho na hataki bwana arusi amuone usiku huu kabla ya harusi, ni mkosi.

Nyie wa Amu mnanielewa. Bibi arusi kafichwa ndani, kasingwa, hina haijakauka miguuni, kakatazwa kuonekana. Anaogopa kuonekana, na bado hajajua kwa nini kweli hatakiwi kuonekana. Niliizima tivii nikatoka nje nikakaa barazani.

---

Haraka haraka hili la wanyama manake wawili wameuliza. Hadithi za kumtia mnyama ndani ya mashine ni nyingi, mpaka gemu za watoto, ile Sonic ya 1991 kila roboti ukiipasua anatoka sungura au ndege aliyekuwa amefungiwa ndani. Lakini la kweli ndilo lililonishika. Mwaka 2002 watafiti Marekani walionesha panya waliotiwa nyaya kwenye ubongo, wanaongozwa kwa rimoti umbali wa mita 500. Waya mmoja unamfanya ahisi kaguswa sharubu za kushoto, mwingine za kulia, na akigeuka upande unaotakiwa anapigwa msisimko wa raha. Hakuna mjeledi. Panya anakwenda huku anafurahi.

Punda wa kwetu akichoka anasimama. Mmeshaona, katikati ya Usita wa Mui, matumbawe mgongoni, njia nzima imefungika, anapigwa anatukanwa na hasogei, masikio nyuma. Ule ugumu ndio mali yake ya mwisho. Yule panya kanyang'anywa hata huo, kwa sababu pale ambapo angekataa wameweka raha. Mwandishi anayetaka kutisha watu kweli aanzie hapo, kwa mtu aliyegeuzwa na anayeshukuru.

Na wapo waliolielewa hili kwenye fantasia. Ule mchezo wa karata wa Magic una watu wa Phyrexia, mafuta yao meusi yanayong'aa yakikuingia unageuka nyama na chuma, na wao wanaita ni kukamilishwa. Hawajioni wabaya, wanakuonea huruma ulivyo na upungufu. Mwaka 2022 walimgeuza Tamiyo, mwanamke mtunza kumbukumbu, mwenye watoto na mmoja wa kulea, na alipogeuzwa hakusahau kuwa anawapenda. Anataka wakamilishwe na wao. Mapenzi yamebakishwa, yamegeuzwa njia tu.

---

Sasa mwisho wa habari ya kijana, manake mnauliza.

Baada ya kununa siku mbili alikuja nyumbani baada ya magharibi. Nikamuuliza swali moja, huyu fundi wako ana mbao, ana shaba, ana uchawi, anamtakia nini nahodha? Akafikiri. Akasema, njia. Nikamwambia endelea. Akasema mlango wa Mkanda, ule mkondo mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakipwa hapapitiki ila kwa anayejua, fundi hajui, nahodha anajua usiku bila taa. Basi, nikamwambia, hicho ndicho alichokibakisha, na huwezi kubakisha ujuzi wa njia bila kubakisha kidogo cha aliyeipita, manake njia alifunzwa na babake, na babake alikuwa na sauti, na siku ya kwanza walipopita alikuwa na njaa na maji yalikuwa yanang'aa. Vyote vimeshikana. Ukivuta kimoja vingine vinakuja.

Nikamkumbusha pia kitu alichoandika ukurasa wa kwanza kisha akakisahau: yule nahodha kabla ya kutoa amri hukohoa mara tatu, kikohozi kidogo cha kusafisha koo, mabaharia wanamcheka kwa hilo.

Jana usiku kanitumia upya. Shaba imebaki aya moja. Fundi amekaa tezi, nyuma ya chombo, anaamrisha chombo kipite Mkanda usiku maji yakipwa, na chombo kinatii, kinakwenda, na kabla ya fungu kinajilaza kidogo upande kama alivyokuwa akikilaza yule nahodha, fundi haoni kitu, kwake ni chombo kizuri tu kinafanya kazi. Pwani kuna mwanamke katoka na kandili kutafuta mbuzi aliyepotea. Anasikia mbao zinalia gizani, kikohozi kidogo, mara tatu. Anasimama.

Kaishia hapo. Nimemuuliza je atamwita kwa jina lake, na akimwita chombo kitafanya nini na fundi yuko juu yake. Akaniambia mjomba bado sijaamua, naogopa nikiandika. Sehemu inayofuata anasema Ijumaa, akikubali ntaiweka hapa hapa chini.